Vita vya Mzee Khatibu na mzigo wa Baba

Mji Mkongwe, Unguja
Ijumaa, baada ya sala

Kwa kaka yangu Juma, Tabora.

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha kila aliye chini ya paa la nyumba yetu, pamoja na kuku kama bado mnao. Mimi ni mzima wa kutembea. Kikohozi cha usufi hakijaniacha, ila tumezoeana, tunaishi kama wapangaji wawili wa chumba kimoja. Miguu yako inaendeleaje? Na Mama, kaka, Mama yu hali gani leo? Barua yako imenikuta mikono yangu imo ndani ya godoro mpaka viwiko. Nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Umeniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba Mama hainuki kitandani siku hizi, na wazee wa mtaa wanataka Baba asomewe hitima, miaka yote hii tangu alipochukuliwa upagazi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza. Na Mama anakataa. Asema mtu aliye njiani hasomewi hitima. Wataka mimi, kitinda mimba wake, nimwandikie maneno ya kumlainisha. La pili, umeniambia kwamba katika hadithi ya vita vya Mzee Khatibu ninayokuandikia, sehemu ya kwanza ndiyo tamu, na hii ya tatu inaburura miguu kama punda wa chokaa. Nitaanza na hili la pili. Usikasirike. Unanijua, sijawahi kwenda kisimani kwa njia iliyonyooka, na safari hii njia yangu ya kuzunguka inafika kwa Mama.

Kwa kuwa umesema shemeji naye siku hizi anakaa kusikiliza barua zangu, acha nimweleze asipotee. Shemeji, mimi hapa ni fundi magodoro. Kazi yangu ni kupiga usufi kwa fimbo, kuushindilia na kushona, na ikifika jioni kichwa changu ni cheupe kama cha babu yako. Duka la tajiri wangu liko katika kichochoro chembamba, na mbele yake pana baraza ya mawe. Kila siku ikishasaliwa Alasiri huja hapo wazee na wasio wazee, muuza kahawa hupita na vikombe vyake, na Mzee Khatibu huendelea na vita vyake. Ni mzee mrefu, zamani alikuwa mshona majoho, macho yamepungua nuru lakini ulimi haujapungua kitu. Juu ya duka anakaa mwenye nyumba, Bi. Zuhura, mjane. Yeye hashuki barazani, ila dirisha lake liko juu ya vichwa vyetu, na akitaka kitu hukiteremshia kikapu kwa kamba. Tulidhani hasikii tunayosema. Kumbe hajakosa hata siku moja.

Vita vyenyewe ni vile vya zamani, vya jumba la mfalme, ambavyo kila mtu hapa anavijua. Manowari za Kiingereza zilijipanga asubuhi mbele ya jumba, zikapiga mizinga, na kahawa haijapoa mambo yamekwisha. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini Mzee Khatibu, aliyekuwa mtoto wa mgongoni siku ile, hakukubali kwamba jambo kubwa kama hilo liishe upesi hivyo. Basi katika hadithi yake vita haviishi. Ana miaka anavisimulia, na barazani wapo waliooa na kupata wajukuu ilhali vita vinaendelea.

Sasa hiyo sehemu ya kwanza unayoipenda wewe, tunaiita Kupwa. Asubuhi ileile, manowari zilezile, lakini maji ya bamvua yanakupwa kuliko desturi yake. Yanakimbia, yanakimbia, mpaka meli zinalala ubavu matopeni kama ng'ombe waliokwisha shiba. Mzinga huu umeelekea mbinguni, ule umeelekea tope. Kina mama waliokwenda pwani kuokota kombe wanapita katikati ya manowari na vikapu vyao, na mmoja anamwamkia nahodha. Mabaharia wanashuka wanazama mpaka magotini, na watu wa mji wanawavuta kwa kamba za madau. Kaka, sisemi si tamu. Nimeicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini itazame vizuri. Nani ameshinda vita vile? Bahari. Watu wa mji wamefanya nini? Wamevuta kamba. Ukiniuliza mimi, huo ni ushindi wa kuokota, na cha kuokota mwenyewe anaweza kukijia.

Na kweli wakakijia. Sehemu ya pili, Mashamba, Waingereza wanarudi na askari wa nchi kavu. Wanateremka Mtoni, wanaifuata njia ya Bububu, na jeshi la mfalme linarudi nyuma kwenye mikarafuu, kisha kusini, kisha mashariki mpaka Paje. Mzee Khatibu anazipenda sana safari za jeshi. Alikuwa analitembeza jeshi lake kutoka Mtoni mpaka Paje, siku baada ya siku, jua kali, mawe miguuni, bendera mbele. Ndipo dirisha la juu likafunguka.

"Mzee Khatibu," ikaja sauti, "mie nshavumilia sana. Jeshi lako hilo tangu Mtoni limekula nini?"

Vichwa vyote vikainuka. Lazima uijue desturi ya baraza yetu, kaka, maana yote yaliyonipata yametokana nayo. Msimulizi hakatizwi. Ukitaka kukohoa, kohoa, ukitaka kuondoka, ondoka. Lakini ukimkatiza kwa swali, basi hadithi imekuwa yako, nawe utaibeba mpaka uichoke au mwingine akukatize wewe. Husemwa hivi: aliyekata ndiye mwenye kushona. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba itampata mtu aliye dirishani.

"Bi. Zuhura," akasema Mzee Khatibu, taratibu kabisa, "unaijua desturi."

"Naijua. Nami nnatoka Paje, sina haja ya kuambiwa njia."

Basi akashona. Kwa muda mrefu vita vile vilisimuliwa kutoka juu, na wanaume wazima tukakaa shingo zimepinda kama kuku wanywao maji. Katika vita vya Bi. Zuhura hakuna bendera. Mna muhogo, mna nazi, mna nani amekaa na mtoto wakati mama yake yuko jikoni. Wanawake wa Paje wanawaonyesha askari wa Kiingereza visima, kwa adabu zote, na vyote ni vya maji ya chumvi. Vile vitamu wamevifunika makuti na juu yake wameanika dagaa. Jeshi lile linashindwa kwa kiu, katika kijiji chenye maji. Umesema kwamba sehemu hii ni ya mapishi, na kweli kuna mahali vita vinasimama vikisubiri wali uive. Lakini mimi naiweka juu ya ile ya kwanza. Watu wake nawajua. Nikipita sokoni nahisi nimekutana nao.

Bi. Zuhura alipochoka alimrudishia Mzee Khatibu, na hapo ikaanza sehemu ya tatu, Bara. Jeshi la mfalme sasa lina nguvu. Linavuka bahari, linashuka Bagamoyo, linashika njia ya misafara kuelekea kwetu, Tabora. Unavyonijua utadhani nilifurahi. Nilifurahi. Siku hizo nilikuwa napiga usufi polepole ili fimbo isinifunike maneno. Mzee Khatibu hajapata kufika bara, lakini aliitaja Mpwapwa na nyika ya Mgunda Mkali kama mtu aliyelala huko. Halafu siku moja akasema, kwa sauti ileile ya kila siku, "Wapagazi mia wakafa kwa homa na njaa, na jeshi likasonga mbele."

Sikukusudia, kaka. Nilikuwa na uzi mdomoni. Nikajisikia nasema, "Walikuwa nani?"

Mzee Khatibu akageukia nilipo. "Nani huyo? Ramadhani?"

"Naam."

"Unasema?"

"Nauliza hao wapagazi mia walikuwa nani. Kila farasi wa jeshi lako ana jina, Mzee wangu."

Watu wakacheka kidogo, kisha hawakucheka. Mzee Khatibu akasogea pembeni barazani, akapapasa jiwe aliloliacha tupu. "Njoo ukae, mwanangu. Aliyekata ndiye mwenye kushona."

Nikamtia Baba. Sikuwa na mwingine. Nilisema palikuwa na mpagazi mmoja, Saidi, mtu wa Tabora, amechukuliwa shambani kwake jembe likiwa mkononi, na mkewe ana mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Sikusema kwamba huyo wa tumboni ndiye anayesimulia. Nikambebesha sanduku la risasi, kwa kuwa ndilo ulilowahi kuniambia waliwabebesha. Na walipofika katikati ya Mgunda Mkali, pasipo na maji nyuma wala mbele, nikamfanya Saidi atue mzigo wake, aukalie, amuulize jemadari, "Huu mzigo wa nani?" Mpagazi wa pili akatua, na wa tatu, mpaka njia nzima wapagazi wa pande zote mbili wamekaa juu ya masanduku yao, na jeshi la mfalme mbele na jeshi la Waingereza linalolifuata nyuma yamesimama wima hayana risasi wala unga. Vita vikaishia hapo. Havikuishia kwa bahari wala kwa kiu. Watu walikaa chini.

Kwa hiyo unaponiambia sehemu ya tatu inaburura miguu, kaka, sitaki kubishana nawe, maana unasema kweli. Inaburura. Tangu Saidi alipotua mzigo wa jemadari akaanza kurudi nyumbani, mimi ndiye niliyemchelewesha. Nimemkalisha kwenye mto uliofurika mpaka muuza kahawa akaniuliza kama mto huo hauna kivuko. Nimempa homa. Nimempeleka kwa mganga, na mganga hayupo, akamngoja. Nimemwokotea sufuria nzuri ambayo akaamua kumpelekea mkewe, kisha nikafanya aisahau mahali ili airudie. Watu wa baraza walikuwa wamekwisha kumpenda. Wakifika huuliza, "Mtu wetu leo kafika wapi?" Bi. Zuhura alimteremshia mkate wa ufuta kwa kikapu, akasema ni wa Saidi, lakini kwa leo aule Ramadhani. Mzee Khatibu peke yake alikuwa akitikisa kikombe chake kitupu. Mwishowe akanambia, "Mtu wako huyu, Ramadhani, mbona unamzungusha? Au huko aendako humtakii afike?"

Nilijibu kwamba njia ni mbaya. Ukweli ni kuwa nilikuwa na raha, kaka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijua kila siku baba yangu yuko wapi.

Ndipo ikaja barua yako. Nilipomaliza kuisoma nikasema basi, imetosha, leo namfikisha. Mama yuko kitandani, nani anayemngoja kama si yeye? Nikatoka dukani nikaenda barazani na usufi kichwani, sikunawa hata mikono. Nikasimulia bila kusimama. Saidi akaiona Tabora kwa mbali. Akapita kisimani, watu hawakumjua kwa ndevu. Akaiona nyumba. Akamwona mtoto wa kiume amekaa kwenye ua anamlisha mbuzi majani, huyo ni wewe. Akamwona Mama amempa mgongo, anapepeta mtama, na ungo ukasimama mikononi mwake kabla hajageuka. Akafika mlangoni. Akatua ile sufuria. Akafungua kinywa aseme.

Nikakwama. Baraza nzima wananitazama, na mimi sina sauti ya kumpa. Sauti ya askari naweza kuitunga, ya jemadari ninayo, hata ya yule mganga aliyekuwa hayupo. Lakini Baba alipofungua kinywa hapakutoka kitu, kwa kuwa sijapata kuisikia sauti yake. Mimi nilikuwa tumboni. Sijui alikuwa na sauti nene au nyembamba. Sijui alimwita Mama kwa jina au alipiga hodi kama mgeni. Nilihisi uchungu ambao sikuujua, na nilikuwa nimefikiri kwamba nimekwisha kuujua wote.

Aliyesema ni Bi. Zuhura, na safari hii alisema polepole. "Ramadhani. Saidi huyo ni babako?"

Nikasema, "Naam."

"Na hakurudi?"

"Hakurudi. Hatujaletewa habari ya uzima wala ya kifo."

Hakuna aliyenilaumu kwa kuwaficha. Muuza kahawa akaweka chini birika lake, na pale haweki chini birika mpaka ameuza. Mzee Khatibu akavua viatu, akavisogeza, akainua mikono. "Tumsomeeni Fatiha mtu wetu," akasema. "Aliye hai haimdhuru, na aliyekufa inamfikia." Wakasoma, kaka. Wote. Watu wasiomjua Baba ila kwa uongo wangu walimsomea wakiwa na simanzi ya kweli, na yupo mmoja aliyejifuta macho kwa kofia. Sauti ya Bi. Zuhura niliisikia juu yetu, nyuma kidogo ya zetu. Walipomaliza walinipa mkono wa tanzia mmoja mmoja, kisha kila mtu akaenda zake, na mimi nikarudi ndani kushona. Godoro lile nimelishona vibaya na tajiri wangu hakuniambia neno.

Sasa ndiyo nimefika kwa Mama. Uliniomba maneno ya kumlainisha, na mimi nimeyatafuta wiki nzima sikuyapata. Nimeona nisiyatafute tena. Usimwambie kwamba wazee wanataka hitima, wala usimwambie kwamba mimi nakubaliana nao. Mwambie maneno ya Mzee Khatibu kama alivyoyasema, kwamba aliye hai haimdhuru. Lakini hata hayo yangoje. Kwanza kaa naye mchana akiwa na nguvu kidogo, shemeji amwekee mto mgongoni, umsomee barua hii tangu pale mpagazi Saidi anapotua mzigo. Soma polepole. Soma habari za mto na homa na ile sufuria, atafurahi, umwambie ameletewa sufuria. Ufike pale kwenye ungo, ufike mlangoni, umsomee mpaka Baba anafungua kinywa. Hapo uache.

Namjua Mama. Hatanyamaza. Atasema, "La, hakuwa na ndevu," au atasema, "Mtama gani, mimi nilikuwa natwanga." Akikukatiza, kaka, funga barua, usimsahihishe, wala usimwambie apumzike. Mwache aendelee yeye mpaka amalize. Amemngoja mtu huyu miaka yote na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, haya, mfikishe. Akishamkaribisha ndani, akampa maji, akakaa naye anavyotaka, mwenyewe atajua kama ni wakati wa hitima. Akisema ndiyo, isomeni, nami nitakuwa nasoma huku siku hiyohiyo. Akisema bado, wazee wa mtaa wamwache, na uwaambie ni mimi niliyesema.

Mimi naomba ruhusa kwa tajiri nije. Msimu wa harusi ukipita magodoro yatapungua, naye si mtu mbaya. Nikikawia, si kwa kupenda.

Mpe Mama mkono wangu, umshike kwa mikono yote miwili. Shemeji namsalimu, na namwomba radhi kwa kumtia katika vita virefu. Shangazi yetu, dada wa Baba, mwambie kofia aliyonishonea bado inavaliwa, ingawa rangi imeondoka. Mjomba asiuze yule mbuzi kabla sijafika. Na watoto wako wote nawabusu, hasa yule mwenye jina la babu yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukubishia,
Ramadhani bin Saidi, fundi magodoro.

Nimesahau jambo, na ndilo kubwa kuliko yote. Atakaloliweka Mama kinywani mwa Baba pale mlangoni, niandikie kama atakavyolitamka, usilipambe. Hapa hadithi haijaendelea tangu siku ile. Mzee Khatibu amekataa kuishika, asema si yake. Watu wanakuja, wanakunywa kahawa, wanazungumza bei ya karafuu, na Saidi bado amesimama mlangoni.